Ngeli ya Mgonjwa

Kabla ya kukaa mbele ya kompyuta hii, ghorofa ya pili, Dodoma,
dirisha likitazama reli na vumbi la Agosti,
nilifundisha Kiswahili, darasa la sita, Bahi.
Chaki, ngeli, mtu watu, kitu vitu.
Sikujua kuwa najifunza kazi ya hospitali.

Fomu tatu zilifika wiki moja.
Ya Kibaigwa, kwa mkono wa muuguzi Nyemo:
“midomo imevimba.”
Ya Mvumi: “uso umeumuka kama andazi.”
Ya Farkwa ilichelewa, imekunjwa mara nne.
Bibi kasema kwa Kisandawe, mjukuu katafsiri:
“nyuki wameniuma, ila nyuki hawapo.”
Kidoko cha ulimi wake hakikupata herufi.

Kompyuta ikahesabu: moja. Moja. Moja.
Tatu haikuiona.
Kwake andazi ni chakula, nyuki ni mdudu,
na midomo ni midomo.

Basi tukakaa, mimi na mfamasia Chilewa,
karatasi ya manila mezani, chai imepoa,
mpaka mlinzi akauliza kama tumehamia.
Tulikuwa tunalitafutia kila neno ukoo wake.
Uvimbe wa midomo ni aina ya uvimbe wa uso.
Uvimbe wa uso, ukija ghafla, huenda ni mtoto wa mzio.
Mdomo ni sehemu ya uso, si aina ya uso:
hapo tulibishana nusu saa nzima
kama majirani wanaogombea mpaka wa shamba la uwele.

“Na nyuki tuwaweke wapi?”
Nikasema, wakae barazani, mlango uwe wazi.
Maneno ya mgonjwa yasifutwe,
yafungwe uzi kwenye neno letu.

Kisha likaja gumu.
Alimeza kidonge cha njano, akavimba.
Shuleni nilikuwa nasema -ka- ni uzi wa hadithi:
akaamka, akanawa, akaenda.
Sikuwahi kuwaambia watoto kwamba -ka- haiapi.
Inapanga mambo kwenye foleni,
haisemi nani kamsukuma nani.
Akameza, akavimba. Lakini pia akala karanga,
pia akapulizia dawa ghala la mtama.
“Baada ya” si “kwa sababu ya.”
Tukachora matawi mawili,
la kwanza kwa wino,
la pili kwa penseli: inashukiwa.

Saa tano usiku tukabonyeza.
Tatu, ikasema.
Halafu, bila kuulizwa, nne:
ya Mpwapwa, ya mwezi Juni, ilikuwa imelala
chini ya “mengineyo,”
lile kapu ambalo kila aliyechoka hutupia kila kitu.
Nami nimelitumia. Sikatai.

Chilewa akapiga simu stoo:
boksi za toleo lile zisitoke kesho.
Si hukumu, akasema, tunangoja tu.

Nikaifungua fomu ya Juni. Safu ya mwisho:
“Namba 0417 imefariki.”

Sarufi haina kosa. Namba, I-ZI, imefariki.
Mwanafunzi ningempa alama zote.
Nikatafuta picha ya daftari la zahanati, mwandiko umeinama:
Mbeleje binti Ndahani, miaka thelathini na mmoja,
mkulima wa alizeti.

Mfumo hauruhusu jina, na ni haki, siri ya mgonjwa ni siri.
Lakini kwenye mzizi wa mti wetu,
ambao kwa kompyuta huwa juu,
pale tulipokuwa tumeandika “rekodi,”
nikafuta, nikaandika “mtu,”
ngeli ya A-WA,
ili kila kitakachoning'inia chini yake
kilazimike kupatana naye.

Amemeza.
Amevimba.
Amefariki.